Mama Kina na Ramani Zilizokwisha Kulipiwa

Ndugu, jamaa, majirani, na nyinyi wa bandarini mliokuja na ovaroli zenu bila kupita nyumbani kubadilisha, familia imenipa mimi, shemeji yake, kazi ya kusoma maisha ya marehemu, si kwa sababu nasoma vizuri kuliko wengine, bali kwa sababu kaka yangu aliyefiwa na mke amesema hawezi, na watoto wamesema wakisoma wao hawatafika mstari wa tatu. Kwa hiyo nivumilieni, na walio nyuma wasogee kidogo, maana marehemu hakupenda mtu asikie nusunusu.

Marehemu, ambaye wengi wenu hamkuwahi kumwita kwa jina jingine zaidi ya Mama Kina, alizaliwa tarehe 14 Machi 1957, katika vyumba viwili vya ghorofani juu ya karakana ya baiskeli, akiwa mtoto wa tatu kati ya watoto watano wa fundi baiskeli na fundi cherehani. Mama yake alikuwa akisimulia, hata uzeeni, kwamba mtoto huyu alimharibia tepu za kupimia nguo kwa kuzitumbukiza kwenye pipa la maji, kwenye ndoo ya grisi ya karakana, na siku moja kwenye sufuria ya supu iliyokuwa jikoni, kila mara akitaka kujua chini ni wapi, na alipochapwa kwa ajili ya ile ya supu alilia kwanza, akafuta machozi, kisha akamjulisha mama yake kwamba supu ilikuwa ya vidole vinne na haitatosha watu wote. Haikutosha.

Alianza shule ya msingi Januari 1964, akaendelea na sekondari ya wasichana mwaka 1971, ambako alisifika kwa hesabu na kwa uchoraji, na hakusifika hata kidogo kwa kuimba, kiasi kwamba mwalimu wa kwaya alimwomba awe anafungua mdomo tu na sauti abaki nayo. Mwaka 1977 aliingia chuo cha upimaji ardhi, akahitimu Novemba 1980 na stashahada, kisha serikali ikampeleka mafunzo ya mwaka mmoja ya upimaji wa bahari, na huko ndiko alikogundua jambo ambalo halikuwamo kwenye mtaala, yaani kwamba chombo kikitikisika yeye anatapika. Alitapika safari ya kwanza, akatapika ya mwisho, na zote zilizokuwa katikati, na katika maisha yake yote ya kazi hakuwahi kuomba aondolewe baharini kwa sababu hiyo, alichoomba ni ndoo yenye mfuniko.

Tarehe 4 Januari 1982 aliajiriwa na ofisi ya serikali inayopima bahari na kutengeneza ramani zake, kwenye lile jengo lililo nyuma ya maghala ya forodha, chumba cha ghorofa ya pili chenye meza ndefu za kuchorea na madirisha ambayo hayafungi vizuri mpaka leo. Jina la Mama Kina alilipata mwaka uleule, kabla hajawa mama wa mtu yeyote, kwa kuwa kila aliyemletea habari, iwe ya kazi au ya umbea, alimuuliza kina chake ni kipi, na kama mleta habari hakujua kina, alirudishwa akakitafute.

Kuhusu ndoa, marehemu alikutana na kaka yangu kwenye kaunta ya ofisi hiyo, siku ambayo kaka, akiwa nahodha kijana wa boti ya mizigo mwenye kofia mpya na maneno mengi, alikwenda kulalamika kwamba boya moja limechorwa pasipo pake. Marehemu alimweleza kwamba boya lipo linapotakiwa kuwa na kwamba aliyekuwa pasipo pake ni nahodha, wakabishana mpaka mlinzi akaja kuzima taa, na kwa maelezo ya kaka mwenyewe, alirudi wiki iliyofuata kubishana tena ingawa alikuwa ameshakubali. Walifunga ndoa tarehe 22 Septemba 1984, na siku hiyo walikubaliana jambo ambalo sisi tulilichukulia kama mzaha mtamu wa maharusi, kwamba viatu na bahari vitaachwa nje ya mlango. Yeye asilete nyumbani habari za ramani, mume asilete habari za boti, wakiwa ndani wazungumze mambo ya binadamu, na kwa kuwa wote wawili walikuwa watu wa kushika neno, walilishika.

Mwenyezi Mungu aliwajalia watoto wawili, binti aliyezaliwa tarehe 30 Mei 1986, ambaye ni mwalimu wa hesabu, na mtoto wa kiume aliyezaliwa tarehe 11 Desemba 1990, fundi wa majokofu, ambaye ametuomba tutaje kwamba hatapiki melini. Ameacha pia wajukuu watatu, na wote watatu wameshaharibu tepu.

Sasa nifike kwenye jambo lililobeba maisha yake, nanyi mnaolijua mtanisaidia kuvumilia.

Mwaka 1999 ofisi ilianza kuhamishia ramani za karatasi kwenye kompyuta, na marehemu ndiye aliyesimamia wachoraji. Zilipokamilika zilikuwa nzuri kwelikweli, nahodha anaona chombo chake kikitembea juu ya ramani, miamba yote ipo, vina vyote vipo, ila zilifungwa kwa neno la siri, na neno hilo liliuzwa, upya kila mwaka, kwa bei ambayo meli kubwa hazikuihisi, lakini mwenye boti ndogo angeweza kununulia injini ya akiba. Kwa hiyo watu wa boti ndogo waliendelea kama zamani, walitoa nakala kivuli ya ramani iliyochapwa enzi za baba zao, ikichakaa wanatoa nyingine kutoka kwenye hiyohiyo, kivuli cha kivuli, mpaka namba zikawa kama nzi waliopondwa kwenye karatasi. Marehemu aliyajua hayo, akasikitika, akaenda nyumbani, akaacha viatu na bahari nje ya mlango.

Tarehe 9 Agosti 2003, asubuhi yenye jua, bahari shwari, maji yamekupwa, kaka yangu akipeleka saruji na mabati visiwani, boti yake ilipanda juu ya mwamba. Watu wake wote waliokolewa na mashua za jirani, namshukuru Mungu kwa hilo kila ninapolitaja, lakini boti ilizama na saruji yake, goti lake likabanwa kati ya ubavu wa boti na jiwe, na mguu ule mnauona anavyouburuta hadi leo. Mwamba huo haukuwemo kwenye nakala aliyokuwa nayo. Uligunduliwa mwaka 1996 na boti ya serikali, kwa ile mashine inayotuma sauti chini ya maji na kusikiliza inavyorudi, na aliyekuwa zamu mbele ya mashine siku hiyo, ndoo ikiwa miguuni, ni marehemu mwenyewe.

Kwenye kikao cha uchunguzi ofisa alitandaza mezani ramani mpya, akauonyesha mwamba kwa kalamu, akamuuliza kaka kama aliwahi kuuona, na kaka akasema hapana, lakini macho yake yalikuwa yameshatua kwenye pembe ya chini ya karatasi, penye herufi mbili za mchoraji, na herufi hizo alizijua vizuri kwa sababu zimetariziwa kwenye foronya za kitandani kwake. Alinyang'anywa cheti cha unahodha kwa kosa la kusafiri bila ramani halali, na hakukata rufaa. Jioni ile walikula, watoto wakaenda kulala, ndipo kaka akamuuliza mkewe, "Kumbe ulikuwa unaujua?" naye akajibu, "Naujua tangu huyu mdogo yuko chekechea," na kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na tisa bahari ikawa imeingia ndani ya nyumba. Kaka hakumlaumu, hata siku moja, na marehemu aliwahi kuniambia kwamba angemlaumu kidogo ingekuwa rahisi kubeba.

Kuna waliomnong'oneza kwamba dawa ni nyepesi, kwamba mtu mwenye funguo za stoo halali njaa, achukue tu ramani kimyakimya awape manahodha anaowajua. Aliwajibu kwa upole, kama alivyojibu mambo mengi, "Nikiiba kwa ajili ya ninaowajua, wale nisiowajua nani ataiba kwa ajili yao?" na tangu siku hiyo alijua anachokitaka, akakitaka mpaka mwisho, yaani kwamba mtu yeyote mwenye chombo, hata cha makasia, aweze kuziona ramani za serikali bila kununua neno la siri, kwa sababu boti iliyopima ilitiwa mafuta kwa kodi ya watu haohao.

Wenzake wa ofisini walio hapa watathibitisha kwamba hakupiga kelele. Alisubiri. Kila kikao kilipofika kwenye ajenda ya mwisho, ile ya mengineyo, ambapo watu wameshaanza kukusanya kalamu na kuwaza chakula, Mama Kina alinyoosha mkono, na kila mtu aliyekuwamo alijua atasema nini. Alikisema mwaka 2003, akakisema 2004, akakisema miaka iliyofuata yote, mpaka katibu wa kikao akawa anaandika tu kwenye kumbukumbu kwamba mjumbe alizungumza kama kawaida yake, na mhudumu wa chai akawa anachungulia mlangoni kuuliza kama mengineyo yameshaisha.

Haki itendeke pia kwa Mkurugenzi wa wakati ule, ambaye yupo hapa, ameketi safu ya pili, nami nimemwomba ruhusa ya kusema haya. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa na hoja, na marehemu mwenyewe alizikiri hoja hizo, kwamba boti ya upimaji haiendi kwa maji ya bahari inakwenda kwa mafuta, kwamba hazina ikisikia ofisi inagawa kazi yake itauliza ya nini kuipa fungu, na kwamba ramani ikiachwa wazi atatokea mjanja aichezee namba, mtu apate ajali, lawama zirudi serikalini. Kwa hilo la mwisho marehemu alimwambia kwamba lawama zimesharudi, ziko nyumbani kwake, zinatembea kwa kuchechemea. Halafu akaomba radhi kwa kusema hivyo kikaoni, maana hakupenda kushinda hoja kwa mguu wa mumewe, na hakuutaja tena.

Mkurugenzi alistaafu mwaka 2014, akanunua boti ndogo ya kuvulia samaki mwishoni mwa wiki, na asubuhi moja akafika kaunta, amevaa kaptura ambayo hakuna aliyewahi kumwona nayo, kutaka ramani za kwenye kompyuta. Karani, binti mgeni ambaye hakumjua, akamtajia bei ya mwaka. Akauliza kama kuna punguzo kwa wastaafu. Hakuna. Akauliza nani aliyepanga bei hii, na binti wa watu, bila hila yoyote, akageuza bango la bei lililokuwa ukutani akamwonyesha sahihi chini yake, na sahihi ilikuwa ya kwake. Wahenga walisema mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu, na siku hiyo ofisi nzima ilikuwa inatafuta sababu ya kupita kwenye korido ile. Marehemu alitoka, hakucheka, alimvutia kiti, akamwagizia chai, wakakaa. Sijui walizungumza nini na wote wawili walikataa kusema, ninachojua ni kwamba mzee huyo alikwenda wizarani yeye mwenyewe, safari baada ya safari, akiwaonyesha kwamba fedha za boti ndogo zilikuwa hazitoshi hata kumlipa karani anayezipokea, na kwamba meli kubwa zaweza kuendelea kulipia huduma zao maalumu bila kufungia wengine mlango. Mzee wetu, familia inakushukuru.

Tarehe 1 Julai 2016, marehemu akiwa amebakiza miezi michache astaafu, ramani zote za bahari zilizotengenezwa na serikali ziliwekwa wazi kwenye mtandao, mtu anazipakua bila neno la siri wala senti. Ofisi ilibandika tangazo kila gati, kwa herufi kubwa, kwamba RAMANI ZA BAHARI SASA NI BURE, na keki ikakatwa.

Ikapita wiki, ikapita nyingine, na hakuna aliyepakua isipokuwa wanafunzi. Marehemu alishuka mwenyewe mpaka gatini, akamkuta nahodha mmoja wa tishari akiwa ameinamia kivuli chake cha kivuli, akamuuliza kwa nini hachukui mpya, na nahodha, kwa masikitiko ya mtu anayetoa pole, akamwambia, "Mama, si wenyewe mmebandika kwamba sasa ni bure? Tumesema jamani, hata ya serikali imeharibika, bora hii yetu inasomekasomeka." Akaongeza kwamba hata mtoto wa dada yake, yule asiyeshika kazi, nyumbani wanasema ni bure.

Wale mliomjua mnajua alivyocheka. Alikaa juu ya gunia akacheka mpaka machozi, na kwa mujibu wa huyo nahodha machozi yaliendelea kidogo baada ya kicheko kuisha, maana miaka kumi na tatu ya mengineyo ilikuwa imekwama juu ya neno moja la herufi nne. Alirudi ofisini, akalibandua tangazo, akaketi kuandika jingine, na maofisa wa habari walileta mapendekezo marefu yenye sera na uwazi ndani yake, akayasoma yote kwa adabu, akayaweka pembeni. Alichoandika kingali kimebandikwa magati yote, nanyi mnakijua kwa moyo, kwamba RAMANI HIZI HAZILIPIWI, ZILISHALIPIWA NA WEWE. Mwezi ule zikaanza kuchukuliwa, na tangu hapo hazijaacha kuchukuliwa.

Siku tangazo lile jipya lilipobandikwa, kaka alifunga mapema duka la kamba na rangi za boti alilofungua baada ya kunyang'anywa cheti, akaenda nyumbani, akamwomba mkewe amwonyeshe kwenye simu. Marehemu alimtafutia, akaivuta picha ikawa kubwa, na kaka akautazama mwamba ule muda mrefu, kina chake, alama yake, duara lake la vitone la kuonya, kisha akasema, "Uliuchora vizuri." Marehemu aliniambia kwamba katika vyeti vyote alivyopewa, na alistaafu kwa heshima tarehe 14 Machi 2017 akiwa na vyeti vya kufunika ukuta, hakuna alichokipokea kama hicho.

Baada ya kustaafu aliishi kwa amani, akipanda maua asiyoyajua majina, akibishana na mumewe juu ya boya lilelile, sasa ndani ya nyumba bila mipaka. Mwaka 2021 alianza kuishiwa pumzi akipanda ngazi, akaambiwa moyo umepanuka, na daktari alipompima kwa ile mashine ya kuupiga moyo picha kwa sauti, marehemu aliomba kioo kigeuzwe upande wake, akauliza sauti inatumwa kwa kasi gani na inarudije, kisha akasema, "Basi nimepimwa kwa mashine yangu mwenyewe." Alilazwa tarehe 3 Februari 2023, na siku za mwanzo alikuwa akipitia ramani kwenye simu, muuguzi akadhani ni mchezo, akafundishwa kusoma vina, na jioni yake muuguzi huyo akawapigia simu wanawe kuwakataza kuogelea upande wa pili wa gati. Hali yake ilibadilika tarehe 19, na tarehe 21 Februari 2023, asubuhi, mumewe akiwa amemshika mkono, alifariki dunia. Inatuuma. Sitaki kusema vinginevyo ili nionekane jasiri.

Kwa niaba ya familia nawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya moyo, hasa daktari aliyegeuza kioo, nawashukuru wafanyakazi wenzake, ambao jana kwenye kikao chao, walipofika kwenye mengineyo, walisimama wakanyamaza, nawashukuru majirani kwa viti, kwa maji, kwa kulala nasi. Na nawashukuru nyinyi wa bandarini mliochimba kaburi hili tangu alfajiri.

Hili la mwisho lazima nilieleze. Tuliwapelekea bahasha, kama inavyostahili, na mkubwa wao, ambaye ni yuleyule nahodha wa tishari, aliisukuma nyuma kwa mkono wenye udongo. Nikamwambia achukue, kazi ni kazi, wenzake wana familia. Akanijibu, "Ndugu, hii hailipiwi. Ilishalipiwa." Kisha akashuka na kijiti chake kupima kwenda chini, akapima mara ya pili kama marehemu alivyowafundisha kwamba namba moja ni tetesi, akatuletea jibu kabla sisi hatujauliza.

Basi shemeji, kina cha leo wamekipima wengine, kipo sawa, huna haja ya kukihakiki. Pumzika kwa amani.